Bei ya Dawa Huamuliwa Kabla Haijafika Dirishani

Hivi karibuni, katika duka la dawa lililo jirani na kituo cha afya, nilimkuta mzee mmoja ameshika cheti alichoandikiwa na daktari: amlodipine, dawa ya shinikizo la damu, ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku kwa siku 30. Kituoni alikuwa ameambiwa dawa imekwisha, akanunue nje. Alihesabu fedha zake juu ya kaunta, akaomba auziwe vidonge 10, na muuzaji akamkatia kipande kwa mkasi. Mgonjwa wa shinikizo la damu akimeza dawa siku 10 kisha akakaa siku 20 bila dawa, presha hupanda pasipo yeye kuhisi lolote, na kiharusi hakipigi hodi.

Wengi wetu huamini kwamba dawa ni ghali kwa kuwa kuitengeneza ni ghali. Kwa dawa mpya imani hiyo ina ukweli kiasi, maana utafiti huchukua miaka mingi na dawa nyingi hushindwa katika majaribio. Amlodipine, hata hivyo, hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi kuitengeneza peke yake, ilikwisha zamani na viwanda vingi duniani huitengeneza. Ili kuelewa kwa nini ilimshinda mzee yule, tutazame nani ananunua dawa, kwa wingi gani, na analipa lini.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwaka 2000, matibabu ya mgonjwa mmoja yaligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mwaka, na katika nchi zetu watu walizikwa huku dawa ipo duniani. Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka. Novemba mwaka huohuo, Azimio la Doha la nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani likathibitisha kwamba kanuni za hataza zisizizuie nchi kulinda afya za watu wake. Baadaye Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria na wafadhili wengine wakaanza kununua kwa ajili ya mamilioni ya wagonjwa kwa pamoja, na mwaka 2023 Mfuko huo ukatangaza kwamba matibabu ya mwaka mzima kwa kidonge cha TLD, chenye dawa tatu ndani yake, yameshuka chini ya dola 45. Mwenye kiwanda akiwa na hakika ya oda kubwa na malipo ya wakati, hununua malighafi kwa jumla na huridhika na faida ndogo kwa kila kopo. Asiyejua atalipwa lini huongeza bei ya wasiwasi wake.

Insulini, dawa ya kisukari, inaonyesha upande wa pili. Wagunduzi wake waliuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao mwaka 1923 kwa dola 1 kila mmoja, wakikusudia iwafikie wote. Hadi leo sehemu kubwa ya soko la dunia imo mikononi mwa kampuni 3 tu, na wagonjwa wengi hawaimudu.

Turudi kwa mzee wetu. Nchini Tanzania, vituo vya umma huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kituo hulipa kwa fedha za serikali, za bima, na zile za papo kwa papo. Sera inawasamehe malipo watoto walio chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Msamaha huo ni haki, nami nauunga mkono kwa moyo wote; lakini msamaha usiotengewa fedha hugeuka kuwa deni. Kituo hubaki na deni Bohari, Bohari ikabaki na deni kwa wazabuni, na mzabuni anayedai huchelewesha mzigo unaofuata. Kwa kuwa dawa nyingi na malighafi zake hutoka nje, hasa India na China, na hulipiwa kwa dola, kila mwezi wa kuchelewa unaweza kuongeza gharama shilingi inaposhuka. Hivyo mtu yuleyule aliyesamehewa na sera ndiye anayejikuta akilipa taslimu, kwa bei ya rejareja, nje ya geti la kituo.

Mgonjwa anayelazimika kununua nje anaweza kupunguza mzigo kwa kumwuliza mfamasia kama ipo dawa yenye jina lilelile la kitaalamu, iliyosajiliwa, lakini ya kampuni nyingine yenye bei nafuu. Tofauti huwa kubwa, na kuuliza si aibu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga fedha zikusanywe kabla mtu hajaugua. Kadi ya bima hiyo itamfaa mzee yule iwapo madai ya kituo chake yatalipwa mapema kiasi cha oda ijayo kufika kabla rafu ya amlodipine haijabaki tupu.