Hujaona minyoo kwenye kinyesi cha bata, haimaanishi hana

Wafugaji wenzangu wa hapa Mombasa, Kisauni, Likoni, Changamwe, hili nimelisikia mpaka nimechoka: "Daktari, bata wangu hawana minyoo, nakagua kinyesi kila asubuhi na sijaona kitu." Jamani! Minyoo mingi hukaa huko huko ndani, kinachotoka ni mayai yao, na mayai hayo huyaoni bila hadubini. Kuna minyoo ya utumbo myembamba kama unywele, hata umchinje bata umpasue utaikosa ukiangalia harakaharaka, na kuna inayojichimbia chini ya ile ngozi ngumu ya firigisi, sasa hio utaionaje kwenye kinyesi? Mshike bata, papasa kidari, mfupa ukichomoza na chakula anakula vizuri tu na kutaga kumepungua, hapo shuku minyoo, halafu okota kinyesi kibichi cha bata kadhaa, tia kwenye kikopo safi, peleka kwa daktari wa mifugo au maabara ya mifugo pale Mariakani kipimwe. Kupima kwanza nasisitiza kila siku kwa sababu dawa si moja. Piperazini mnayokimbilia agroveti inaua minyoo mikubwa ya mviringo basi, tegu (minyoo bapa kama utepe) haigusi, ile ya unywele pia haigusi, halafu mwarudi kwangu mwasema dawa ni feki.

Na wanaotibu minyoo kwa pilipili kwenye maji? Ndege hahisi ukali wa pilipili, na minyoo haifi kwa hio. Acheni.

Wengine huniambia, "Wanaoga kila siku, ni wasafi." Dimbwi lililotuama ndio lina konokono na vidudu vidogo vya majini vinavyobeba tegu, bata anameza hao hao. Weka beseni, badilisha maji kila siku.

Na dawa ya mara moja haikumalizii kazi, mayai ya minyoo yaliyodondoka udongoni yakipata joto na unyevu hukomaa kwa wiki 2 au 3 hivi, bata akayameza tena, na hapa kwetu wakati wa masika vyote viwili vipo tele, kwa hivo kwangua kinyesi bandani na matandiko yawe makavu.

Ukitia dawa kwenye maji toa beseni la kuogea kwanza, bata huchezea maji dawa ikamwagika yote, changanya kidogo kitakachoisha siku hio. Mayai ya bata ya siku hizo usile wala usipeleke soko la Kongowea mpaka muda ulioandikwa kwenye pakiti uishe, na usitegemee kuyachemsha kutaondoa dawa.