Mtoto njiti mwenye hasira hajadekezwa

Mtoto aliyezaliwa na gramu 900 anafikisha miaka 2. Analia akiguswa, anaziba masikio blenda ikisaga, wenzake wakicheza yeye anajitenga. Majirani wanatoa hukumu: mama kamdekeza.

Si kweli, na maneno hayo yanamuumiza mama aliyekesha wodini miezi kadhaa. Ubongo hukua kwa kasi sana wiki za mwisho za mimba. Njiti huyu wiki hizo alizipitisha nje, kwenye mwanga, kelele na sindano. Ndiyo maana waliozaliwa chini ya kilo moja hupata zaidi shida za utulivu, hofu na mawasiliano. Wengi hukua vizuri, ila uzito ukishafika, kazi haijaisha.

Kwanza hesabu umri wake sawasawa. Aliyezaliwa wiki ya 27 aliwahi kwa wiki 13 hivi. Akiwa na miezi 24, mlinganishe na mwenye miezi 21. Kama bado hageuki akiitwa jina, haonyeshi kitu kwa kidole, au ameacha maneno aliyoyajua, mpeleke kliniki sasa, usiseme "atakua tu". Na mbebe. Kumbeba mtoto anayeogopa humtuliza, hakumharibu.