Tegu wa panya hapiti kwenye mavi, anapita kwenye mdudu wa unga

Tangu majirani wajue kwamba kazi yangu ni kupasua panya na kutafuta minyoo, swali wanaloniuliza kuliko yote ni hili: nimekuta mavi ya panya kwenye ndoo ya unga, je, nitapata tegu? Unga huo mwaga. Lakini kama ni tegu unayemwogopa, mavi siyo ya kutazama. Tazama wale wadudu wadogo wekundu wanaotembea humo ndani.

Tegu ninayezoea kumkuta kwa panya wa darini ni Hymenolepis diminuta. Ukifungua utumbo mwembamba unamwona amejilaza kama tambi bapa, sentimita 20 hadi 60, wakati mwingine mrefu kuliko panya mwenyewe. Hana mdomo wala tumbo. Chakula anakifyonza kwa ngozi. Wala hatulii mahali pamoja: panya akila usiku, naye husogea mbele kukifuata chakula, kisha hurudi nyuma. Wakiwa wengi ndani ya panya mmoja, wote hudumaa, maana wanagombania chakula kilekile. Nakiri kwamba nampenda mnyoo huyu, na sipo peke yangu. Maabara nyingi duniani humfuga kwa ajili ya utafiti.

Mayai yake hutoka na mavi ya panya. Panya mwingine akiyala, hapati kitu. Wewe ukiyala, vilevile. Ni lazima yai limezwe kwanza na mdudu, hasa mbawakavu wa unga, yule Tribolium aliyejaa kwenye pumba na magunia ya muda mrefu, au buu wa kiroboto. Ndani ya mdudu yai hupasuka, kijitegu chenye kulabu sita hutoboa utumbo wake na kukaa kwenye uwazi wa mwili. Baada ya wiki mbili hivi, kutegemea joto, kimekuwa kifuko kilicho tayari. Panya akimla mdudu huyo, haziishi wiki tatu kabla naye hajaanza kutoa mayai. Ndiyo maana ghala lenye panya na mbawakavu pamoja ni makao kamili ya tegu huyu.

Binadamu anaingia hapo kwa bahati mbaya, akimeza mdudu mzima. Wanaopatikana naye wengi ni watoto, wenye mazoea ya kulamba unga mbichi au kutafuna chochote kilichohifadhiwa stoo. Ugali ulioiva hauna shida, kwa kuwa moto unakiua kifuko. Kuchekecha unga nako kunasaidia, alimradi usiwarudishe wadudu kwenye gunia. Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni mwepesi: tumbo kuuma, kuharisha kidogo, au hakuna dalili kabisa.

Nisieleweke kwamba panya ni msafi. Mkojo wake hubeba leptospira, bakteria wa ugonjwa uliotikisa mkoa wa Lindi mwaka 2022 na kuitwa homa ya mgunda. Huo ni wa kuogopwa kuliko tegu.

Yupo ndugu yake, Hymenolepis nana, tegu mdogo asiyezidi sentimita nne, anayepatikana kwa panya wadogo wa nyumbani na kwa watu. Ndiye tegu aliyeenea kuliko wote kwa binadamu duniani. Huyu hahitaji mdudu. Yai likiingia mdomoni linaanguliwa tumboni moja kwa moja, na mengine huanguliwa kabla hata hayajatoka, hivyo mtoto mmoja anaweza kujiambukiza upya bila kugusa uchafu wowote wa nje. Watu humlaumu panya. Mimi naulizia kwanza choo, kucha na watoto wanaolala pamoja. Watafiti wa Australia walijaribu kuwaambukiza panya wa maabara kwa nana waliotoka kwa watu, wakashindwa. Matokeo yao yalitoka mwaka 2002. Kwangu hiyo ni dalili kwamba nana wa watu na nana wa panya huenda wameshaachana njia.

Wanaokula panya shamba huniuliza pia kuhusu vifuko vyeupe kwenye ini. Mara nyingi huyo ni tegu wa paka, bado mchanga, anamsubiri paka amle panya. Ini la namna hiyo litupe, hata paka wako usimpe.

Kuhusu dawa, albendazole na mebendazole haziaminiki kwa tegu hawa. Dawa yao ni praziquantel, kwa kawaida miligramu 25 kwa kila kilo ya uzito, dozi moja, na kwa nana daktari anaweza kuirudia baada ya siku 10 hivi. Sehemu zenye kichocho watoto wa shule hupewa praziquantel hiyohiyo, miligramu 40 kwa kilo, kwa hiyo wapo waliotibiwa tegu bila mtu kujua kwamba walikuwa naye. Karatasi ya maabara ikiandika diminuta, kagua stoo na magunia. Ikiandika nana, omba familia nzima ipimwe choo.