Mchora katuni hamzulii mchezaji

Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Tabora, gazeti likifika, katuni ndiyo hutazamwa kwanza na ndiyo hulaumiwa kwanza: "Mchoraji ana chuki na huyu, kamzulia." Wapi! Kutia chumvi ndiyo kazi yenyewe, mradi tukio la msingi liwe la kweli.

Chukua kriketi, mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye televisheni tu. Machi 2018, mjini Cape Town, kamera zilimnasa Cameron Bancroft wa Australia akisugua mpira, kisha akaficha kitu ndani ya suruali. Awali alidai ni utepe ulioshika vumbi. Baadaye ikabainika ni msasa, ule ule ambao mafundi seremala wetu hulainishia mninga. Upande mmoja wa mpira ukikwaruzwa, mpira hupinda hewani na kumsumbua mpigaji. Nahodha Steve Smith na msaidizi wake David Warner walifungiwa miezi 12, Bancroft miezi 9.

Sasa mchoraji afanyeje? Anaukuza msasa uwe kama mkeka, suruali anaijaza zana za karakana nzima. Hakuna atakayeamini kwamba Bancroft aliingia uwanjani na randa. Chumvi inamwagwa kwenye udanganyifu, si kwenye pua ya mtu. (Mchoraji anayeishia kwenye pua ni mvivu, kwa maoni yangu.)

Angemchora mchezaji asiyehusika akiwa na msasa mkononi, huo ndio ungekuwa uzushi.