"Bado inaelea, ongezeni": dhana potofu kuhusu meli na boti, kutoka ufukwe wa Bukavu

Wiki iliyopita mteja alinifuata karakanani Bukavu akiwa na picha kwenye simu yake: meli ya makontena ikitolewa katika gudi (bwawa la kuundia meli) la kiwanda cha Ulsan, Korea Kusini, ikiwa ndefu kama mtaa mzima na yenye ghorofa juu ya ghorofa. Alitaka kunionyesha kwamba, ikiwa Wakorea wanaweza kupandisha vitu juu kiasi hicho, mimi sina sababu ya kumkatalia sitaha ya pili juu ya boti yake inayokwenda Idjwi na Goma katika Ziwa Kivu. Yeye ni wa tatu mwaka huu kuniletea picha ya aina hiyo. Nilipomwuliza boti yake huchukua abiria wangapi kwa sasa, alinipa jibu ambalo nimelisikia tangu siku yangu ya kwanza kazini: "Bwana injinia, maji bado yako chini ya ukingo. Maadamu inaelea, nafasi ipo."

Jibu hilo hunichosha kuliko mengine yote kwa sababu nusu yake ni kweli. Chombo huelea maadamu uzito wake wote haujapita uzito wa maji kinayoyasukuma, na hilo watoto wetu hulisoma shuleni. Lakini kuelea ni jambo moja na kusimama wima ni jambo jingine: la kwanza hutegemea uzito ni kiasi gani, la pili hutegemea uzito huo umekaa wapi. Boti nyingi za abiria zinazopotea hupinduka kwanza, zikiwa bado na ile nafasi ya kuelea ambayo mwenyewe alikuwa akijivunia asubuhi gatini, na kuzama huja baadaye.

Tuchukue boti yenye upana wa mita 5, uzito wa tani 45 pamoja na mizigo na abiria, ukingo ulio sentimita 70 juu ya maji, na kimo cha metasenta (kimo kutoka kitovu cha uzito hadi nukta iliyo juu yake inayoirudisha boti wima; kikipungua, boti hulala kwa urahisi) cha sentimita 40. Abiria 40 wenye wastani wa kilo 65 ni tani 2.6. Wakiwa wamekaa chini, kisha wote wakasogea mita 1.5 kuelekea upande mmoja, boti italala kiasi cha nyuzi 12 na ukingo wa upande huo utashuka sentimita 54. Watu watapiga kelele, lakini maji hayataingia. Sasa wapandishe watu wale wale juu ya paa, mita 2.3 juu ya pale walipokuwa. Boti haijaongezeka uzito hata gramu moja na mstari wa maji haujasogea, ila kitovu cha uzito kimepanda sentimita 13, na kimo cha metasenta kimebaki sentimita 27. Wakisogea tena ile mita 1.5, boti italala nyuzi 18 na ukingo utashuka zaidi ya sentimita 80. Hapo maji yanaingia, na yakishaingia hukimbilia upande ulioinama na kuuvuta zaidi, kiasi kwamba hesabu yote niliyoiandika hapa haina kazi tena.

Na abiria husogea. Husogea mvua inapopiga upande mmoja, na husogea zaidi boti inapokaribia gati, kila mtu anapotaka kushuka wa kwanza na gunia lake. Tarehe 3 Oktoba 2024, wakati barabara ya Goma kwenda Minova ilikuwa imefungwa na vita na watu hawakuwa na njia nyingine ila ziwa, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, mchana, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni wakiisubiri. Kabla ya dakika ile ilikuwa inaelea.

Mteja wangu angeitazama vizuri picha yake, angeona kwamba inamsuta. Meli kubwa za makontena za leo zina urefu wa karibu mita 400 na upana wa mita 61 hivi, na upana ndio unaowalipia Wakorea urefu wa kwenda juu. Mashine, mafuta na sakafu mbili za chuma viko chini kabisa, makontena mazito hupangwa chini na matupu juu, na kabla ya kung'oa nanga kompyuta hukokotoa kimo cha metasenta kwa safari hiyo peke yake. Juu ya hayo kuna farumi, yaani maji ya bahari yanayopakiwa kwa makusudi katika matangi ya chini ili kushusha kitovu cha uzito. Watu wa pwani walilijua neno hilo na kazi yake zamani za majahazi, walipoweka mawe juu ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Kwetu Kivu, kila ninapomwekea mteja farumi katika mchoro, ananiuliza kwa nini abebe mawe yasiyolipa nauli.

Korea hiyo hiyo yenye viwanda vya Ulsan na kisiwa cha Geoje imeonyesha matokeo ya swali hilo. Kivuko Sewol kiliundwa Japani mwaka 1994, na kilipouzwa Korea wenye nacho waliongeza vyumba vya abiria kwenye sitaha za juu. Usiku wa tarehe 15 Aprili 2014 kiliondoka kikiwa na shehena iliyozidi mara mbili kiwango kilichoruhusiwa, huku farumi ikiwa imepunguzwa ili mstari wa maji ubavuni uonekane uko mahali pake. Asubuhi yake, tarehe 16, kilipokata kona kililala upande mmoja na hakikuinuka tena. Kati ya watu 476 waliokuwamo walikufa 304. Ninaomba msomaji arudie kusoma habari ya mstari wa maji. Mkaguzi aliyesimama gatini akiutazama angeona kila kitu ni sawa, kama mteja wangu anavyoona.

Wala si kwamba elimu hii ni mpya. Mwaka 1628 mjini Stockholm, kabla meli ya kivita Vasa haijaanza safari yake ya kwanza, mabaharia 30 waliagizwa wakimbie pamoja kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Meli ilianza kuyumba vibaya, jaribio likasimamishwa, na safari ikaruhusiwa. Tarehe 10 Agosti ilipinduka kwa upepo mdogo, ikiwa imekwenda mita 1,300 tu.

Mengine nitayamaliza haraka.

Wapo wanaoamini kwamba bamba nene, au tole kama tunavyosema karakanani, ndilo linalofanya chombo kiwe imara. Mteja huniomba milimita 8 mahali ambapo hesabu imetaka 6. Kila milimita ya chuma ina uzito wa kilo 7.85 kwa mita ya mraba, kwa hiyo milimita mbili za ziada kwenye mita za mraba 200 ni zaidi ya tani 3, sawa na abiria 48 ambao hawatalipa kamwe. Nguvu ya chombo hutoka kwenye mpangilio wa mataruma, yaani mbavu zake, na jinsi yanavyolishika bamba lisijikunje. MOL Comfort, meli ya makontena ya mita 316 iliyoundwa Nagasaki mwaka 2008, ilikatika vipande viwili katika Bahari ya Hindi tarehe 17 Juni 2013, na haikuwa meli ya mabamba membamba. Ukiwa na fedha za kuongeza chuma, nunulia mataruma na umlipe mchomeleaji mzuri.

Wapo wanaodhani chombo cha baharini kikiletwa ziwani kitabeba zaidi, kwa kuwa "ziwa ni dogo". Ni kinyume. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji ya ziwa kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo chombo kile kile huzama zaidi kidogo ziwani: kilichozama mita 2 baharini kitaongeza kama sentimita 5 hapa. Ndiyo maana alama ya mizigo iliyochorwa ubavuni mwa meli, ile iliyofanywa kuwa sheria Uingereza mwaka 1876, siku hizi huwa na mistari kadhaa, na mmoja wao ni wa maji yasiyo na chumvi. Kwenye boti zetu nyingi hakuna mstari hata mmoja. Kopo la rangi nyeupe ni bei ya chakula cha mchana.

Kuna hata aliyeniuliza, tena mtu msomi, kama meli haiwezi kununuliwa Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, na kupandishwa hadi Kivu kwa mto Ruzizi unaoyaunganisha maziwa hayo. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na Tanganyika karibu mita 770. Kati yao kuna makorongo, maporomoko na mabwawa ya umeme. Chombo kikubwa hufika ziwa la bara kikiwa vipande vipande. Liemba iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli na mabega ya watu, kisha ikaunganishwa upya na kushuliwa mwaka 1915. Viwanda vikubwa vya leo navyo huunda meli kwa vipande, vingine vikiwa vimepinduliwa chini juu ili mchomeleaji afanye kazi akiinama badala ya kuinua shingo, na kreni yenye uwezo wa kuinua zaidi ya tani 1,000 huviweka mahali pake gudini.

Kuhusu gesi ya Kivu, ambayo kila mwenye boti iliyopinduka huikumbuka ghafla: metani na kabonidioksaidi nyingi za ziwa hili zimeyeyuka katika maji ya kina kirefu, chini ya mita 250 hivi, zikizuiwa na uzito wa tabaka za maji zilizo juu yake. Hata lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoingia ziwani hapo Goma mwezi Januari 2002, gesi hiyo haikufumka. Mazuku ya nchi kavu, yaani kabonidioksaidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, ni hatari ya kweli, nami sipiti katika mabonde yake, lakini hayapandi boti.

Imebaki dhana moja ambayo hata mabaharia wazoefu wanayo, nayo ni kwamba boti inayoyumba polepole ni tulivu, na ile inayorudi upesi ni mbaya. Abiria huisifia ya kwanza kwa sababu haiwatapishi. Ukweli ni kwamba kuyumba polepole ni dalili ya kimo kidogo cha metasenta: boti inakawia kurudi kwa sababu nguvu ya kuirudisha ni ndogo, na ikiongezewa uzito juu itafika siku isirudi. Kwa vyombo vidogo kipimo chake hakihitaji kompyuta. Legeza kamba gatini siku isiyo na mawimbi, vijana watatu waibonyeze boti ubavuni kwa mpigo mmoja hadi iyumbe, kisha waiache; hesabu muda wa kwenda na kurudi mara kumi na ugawe kwa kumi. Zidisha upana wa boti kwa 0.8, gawa kwa sekunde ulizopata, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Utapata kimo cha metasenta kwa mita, kwa makadirio, na kwa hali ile ya mzigo uliyoipima. Jaribio kamili la kuinamisha chombo, la kusogeza uzito unaojulikana na kusoma timazi, linabaki kuwa la lazima kabla ya kubadilisha kitu chochote juu ya sitaha, na vyeti vya zamani havina kazi baada ya badiliko hilo, hata viwe vimetoka kiwanda gani.

Mteja wangu alikubali tufanye lile la sekunde siku hiyo hiyo, nadhani ili ninyamaze. Boti yake ina upana wa mita 5. Tulipata sekunde 8.4, yaani sentimita 23, na sitaha ya pili bado ilikuwa kwenye simu.