Hakuna Sekunde za Bure: Dhana Potofu za Hakimiliki na Mapato YouTube

"Nimetumia sekunde saba tu za wimbo kwenye video yangu, mbona wamenidai hakimiliki?" Swali hili haliishi. Kinachobadilika ni idadi ya sekunde: leo tano, kesho kumi, keshokutwa thelathini. Jibu ni lile lile. Masharti ya YouTube hayataji sekunde za bure, na sheria ya Marekani, ambayo ndiyo msingi wa taratibu za kuondoa video kwenye jukwaa hilo, haizitaji pia. Aliyekupa idadi ya sekunde alikupa uvumi, na kuna watu waliopoteza mapato ya miezi kwa kuuamini.

Chimbuko lake ni kutoelewa matumizi ya haki (fair use), yaani pale sheria inapokuruhusu kutumia kazi ya mtu bila kumwomba ruhusa. Kifungu cha 107 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 kinamtaka hakimu apime mambo manne kwa pamoja: lengo la matumizi, aina ya kazi iliyochukuliwa, kiasi kilichochukuliwa, na athari kwenye soko la kazi hiyo. Kiasi ni kigezo kimoja tu kati ya vinne, na chenyewe hakipimwi kwa saa. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya jarida lililonukuu maneno kati ya 300 na 400 ya kumbukumbu za Rais Gerald Ford, kutoka mswada wa maneno 200,000 uliokuwa haujachapishwa. Kiasi kilikuwa kidogo sana, lakini jarida lilichukua kiini. Kiitikio cha sekunde saba nacho ndicho kiini cha wimbo, ndicho kinachouuza. Kinyume chake, mchambuzi anayesimamisha wimbo kila baada ya mistari miwili ili aeleze ulivyotungwa anaweza kutumia dakika nzima na bado akawa na hoja nzito kuliko aliyeweka sekunde saba kunogesha video ya safari.

Wapo watakaoitaja Ujerumani. Kweli, sheria yao ya mwaka 2021 ina kipimo cha hadi sekunde 15 za sauti au filamu. Lakini kipimo hicho kinahusu kuzuia video kwa mashine kabla binadamu hajaamua, tena kwa asiyefanya biashara au anayepata kipato kisicho na uzito. Si ruhusa ya kuweka wimbo wa mtu kwenye video yenye matangazo.

Hata ungekuwa na hoja safi ya matumizi ya haki, anayekutana na video yako kwanza si hakimu. Ni Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki. Wenye haki hupeleka mafaili ya kazi zao, mfumo huyatengenezea alama za utambuzi, kisha kila video inayopandishwa hulinganishwa nazo. Mashine haijui kama unachambua au unakejeli. Inajua inafanana au haifanani. Kuongeza kasi, kushusha sauti, kugeuza picha upande: hila hizi hunaswa mara nyingi, na isiponaswa leo si kwamba umepona. Mwenye haki akipeleka faili jipya, mfumo hupitia na video za zamani. Ndiyo maana dai hukukuta kwenye video ya miaka miwili iliyopita, wakati imeanza kuingiza hela.

Ukidaiwa, fungua YouTube Studio, sehemu ya kusimamia chaneli yako, nenda kwenye orodha ya video zako, bonyeza neno hakimiliki kwenye safu ya vizuizi, usome maelezo. Yatakuonyesha kipande kinachodaiwa kinaanzia wapi na kinaishia wapi, nani anadai, na ameamua nini: kuzuia video, kuchukua mapato ya matangazo, au kufuatilia takwimu tu. Hapo hapo unaweza kukata kipande hicho, kuondoa wimbo, au kuubadilisha na mwingine kutoka maktaba ya YouTube. Ikifanikiwa, dai huondoka lenyewe. Tatizo ni pale unapoongea juu ya muziki: kuondoa wimbo pekee mara nyingine hushindikana, na ukizima sauti yote, maneno yako yanaondoka nayo. Nasisitiza hili kila mara na nitaendelea kulisisitiza: unapohariri, weka muziki kwenye mstari wake peke yake na utunze mradi mzima, si video iliyokamilika tu. Pandisha kwanza ikiwa ya faragha, subiri ukaguzi wa hakimiliki umalizike, ndipo uichapishe.

"Nina dai, chaneli yangu itafungwa." Dai la Content ID na straiki, yaani onyo la hakimiliki kwa chaneli, ni vitu viwili. Dai linagusa video moja na mapato yake. Straiki huja mwenye haki anapotuma ombi la kisheria la kuondoa video. Straiki tatu ndani ya siku 90 zinaweza kukufungia chaneli. Na tafadhali, usifute video ukidhani unafuta straiki, straiki inabaki. Huondoka kwa njia tatu: kusubiri siku 90 na kumaliza mafunzo ya hakimiliki, kumwomba mlalamikaji aondoe ombi lake, au kutuma notisi ya kupinga, yaani barua ya kisheria ya kukataa ombi hilo. Baada ya notisi hiyo, mlalamikaji ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi.

"Nimeandika kwamba sina haki za wimbo huu." Basi umekiri kwa maandishi. Kumtaja msanii ni adabu, si leseni.

"Sichumi mapato, kwa hiyo ni sawa." Hapana. Kutochuma kunaweza kukusaidia kidogo kwenye kigezo cha kwanza kati ya vile vinne. Content ID haiulizi kabisa.

"Biti nimeinunua, ni yangu." Soma leseni. Biti nyingi za mtandaoni huuzwa bila upekee, yaani biti ile ile wameuziwa watu wengi. Mmoja wao akiupeleka wimbo wake Content ID kupitia msambazaji wa muziki mtandaoni, kinyume cha kanuni zinazotaka haki za kipekee, video yako inadaiwa kwa biti uliyoilipia. Hapo kinachokuokoa ni karatasi: leseni, risiti, tarehe, na kiungo cha ukurasa ulionunulia, katika folda ya kila video. Mambo ni hayo hayo kwa Creative Commons, leseni ambazo mwenye kazi huruhusu wengine waitumie kwa masharti. Piga picha ya ukurasa siku unapopakua, na kumbuka kwamba leseni yenye sharti la kutofanya biashara haiendani na matangazo.

Ukiwa na karatasi hizo, weka pingamizi ndani ya siku 5 za dai. Ukiwahi, mapato hushikiliwa tangu siku ya kwanza hadi mgogoro uishe. Ukichelewa, hushikiliwa kuanzia siku ya pingamizi, na ya nyuma yamekwenda. Mdai ana siku 30 kujibu. Akinyamaza, dai linaisha. Akikataa, unaweza kukata rufaa, naye ana siku 7. Kuanzia hapo hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa jibu lake linaweza kuwa ombi la kuondoa video, na ombi hilo likikubaliwa ni straiki. Usipande ngazi hii kwa hasira.

"Matangazo yanatokea kwenye video yangu, hela ziko wapi?" YouTube inaweza kuweka matangazo hata kwenye chaneli isiyo kwenye mpango wa washirika, yaani mpango wa YouTube wa kugawana mapato na wenye chaneli, na hapo hupati kitu. Mgawo wa matangazo unahitaji wafuasi 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au kutazamwa mara milioni 10 kwa Shorts (video fupi) ndani ya siku 90. Ukikubaliwa, mgawo wako ni asilimia 55 kwa video za kawaida na asilimia 45 ya kile chaneli yako inachotengewa kwa Shorts. Malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Jaza pia fomu ya kodi ya Marekani mapema: usipoijaza, Google inaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, hata yanayotokana na watazamaji wasio Marekani.