Chunusi: chakula kina mchango gani, na mazoea ya kila siku je?

Je, chunusi zinaletwa na uchafu?

Hapana, na ningependa kila mzazi alisikie hili kabla hajamgombeza mtoto wake. Chunusi huanzia ndani ya ngozi, kwenye kitundu kinachootesha unyweleo. Kando ya kitundu hicho kuna tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Mtu anapobalehe, awe mvulana au msichana, homoni zinazoitwa androjeni huongezeka na tezi hiyo huzidisha mafuta. Seli zilizokufa zinashindwa kupukutika, zinagandamana na mafuta na kuziba kitundu. Humo ndani hustawi bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye anaishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu. Mwili unapopambana naye ndipo unapoona uvimbe, maumivu na usaha.

Hata vile vidoa vyeusi vya puani si taka. Weusi ule unatokana na rangi ya ngozi yenyewe na mafuta yaliyokutana na hewa. Ukivisugua kwa nguvu utajichubua bure.

Basi chakula hakihusiki?

Kinahusika, lakini kinasukuma tu gari ambalo tayari linatembea. Chanzo ni homoni na urithi.

Vyakula vinavyopandisha sukari ya damu haraka, kama soda, peremende, keki na mkate mweupe, huulazimisha mwili kumwaga kwa wingi insulini, homoni inayoshusha sukari hiyo. Insulini nayo huinua homoni nyingine ya ukuaji, na hizo mbili kwa pamoja huziamsha tezi za mafuta. Mwaka 2007 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio la vijana wa kiume 43 wenye umri wa miaka 15 hadi 25. Waliokula nafaka zisizokobolewa, protini na vyakula visivyopandisha sukari haraka kwa wiki 12 walipungukiwa na chunusi kuliko wenzao. Walipungua uzito pia, kwa hiyo si rahisi kusema ni kipi hasa kilichosaidia.

Kabla ya hapo, mwaka 2002, ilichapishwa taarifa ya kisiwa cha Kitava huko Papua New Guinea: watu 1,200 walichunguzwa na hakuonekana hata mmoja mwenye chunusi. Walikuwa wakila mizizi, matunda, samaki na nazi. Ni habari ya kutafakari, ila watu wale walitofautiana nasi kwa mengi zaidi ya chakula.

Na chokoleti? Karanga? Vyakula vya mafuta?

Mafuta unayokula hayasafiri kutoka tumboni kwenda kutokea usoni. Kuhusu chokoleti, jaribio maarufu la mwaka 1969 lilisema haina kosa, lakini kipande kisicho na chokoleti kilichotumika kulinganishia kilikuwa na sukari na mafuta karibu sawa na chokoleti yenyewe, kwa hiyo halikuthibitisha mengi. Mimi huwaambia watu waiangalie sukari iliyomo. Karanga sioni sababu ya kuziacha.

Maziwa je?

Hapa ushahidi upo, ingawa si mzito. Uchunguzi wa mwaka 2005 uliohusisha wauguzi wa kike zaidi ya 47,000 wa Marekani uliona uhusiano kati ya maziwa na chunusi, na ulijitokeza zaidi kwa maziwa yaliyoondolewa mafuta. Lakini wauguzi hao waliulizwa wakumbuke walichokula wakiwa sekondari, na kumbukumbu hupotoka. Simnyimi maziwa mtoto anayejenga mifupa kwa ushahidi wa namna hiyo. Mtu mzima anayeyashuku ajaribu kuyapunguza kwa miezi miwili au mitatu, bila kubadilisha kitu kingine, aone. Ila kijana anayenyanyua vyuma na kunywa unga wa protini ya maziwa, huo ningemshauri auache kwanza.

Nikinywa maji mengi zitaisha?

Maji ni mazuri kwa mwili. Hayatibu chunusi.

Naosha uso mara tano kwa siku. Mbona hazipungui?

Kwa sababu unaikera ngozi. Mara mbili zinatosha, asubuhi na usiku, na mara nyingine ukitoka jasho jingi. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni isiyokausha na vidole vyako, bila dodoki. Kausha kwa kugusagusa na taulo safi. Limao na dawa ya meno huunguza ngozi na kuacha alama. Ngozi ya mafuta nayo inahitaji losheni. Chagua iliyo nyepesi, iliyoandikwa kwamba haizibi vitundu vya ngozi.

Zangu zimekaa kwenye paji la uso tu. Kwa nini?

Swali hili nalipenda kwa sababu jibu lake mara nyingi liko kichwani, kwenye nywele. Msichana mmoja wa miaka 17 alikuja na vipele vidogo vilivyojipanga kufuata mpaka wa nywele, kutoka sikio hadi sikio, na mashavu safi kabisa. Alikuwa ameacha mayai, karanga na maziwa, amekonda. Nilipopitisha kidole kwenye paji la uso wake kilirudi kinang'aa. Yalikuwa mafuta ya nywele ya usiku uliopita. Alipaka mengi, akafunga kitambaa, akalala. Tulikubaliana apake kidogo, mbali na mpaka wa nywele, na abadilishe foronya na kitambaa kila wiki. Baada ya miezi miwili paji lilikuwa limetulia. Mayai alikuwa amesharudi kuyala.

Kofia ngumu za pikipiki na mikanda ya mabegi hufanya vivyo hivyo kwa kusugua na kufungia jasho.

Krimu ya kung'arisha uso imenisaidia wiki mbili, sasa zimerudi kwa wingi.

Tafadhali isimamishe na uende kwa daktari ukiwa nayo mkononi. Krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Mwanzoni hutuliza uvimbe na uso unapendeza, kisha ngozi inakuwa nyembamba na chunusi zinafumuka. Nyingine zina zebaki, ambayo hudhuru figo. Ukiiacha, ngozi inaweza kuchafuka zaidi kwa muda, na wengi hukata tamaa hapo wakairudia. Ndiyo maana nasema usiwe peke yako.

Nikizitumbua?

Unausukuma usaha ndani zaidi. Kwenye ngozi nyeusi doa linalobaki huweza kudumu miezi mingi, na wengi hunilalamikia madoa kuliko chunusi zenyewe. Mafuta ya kukinga jua husaidia yasizidi kukolea.

Eti zinaisha mtu akianza mapenzi au akioa?

Si kweli, na anayemwambia kijana hivyo anampotosha. Hupungua kwa wengi kwa sababu homoni hutulia na umri.

Mitihani ikikaribia zinazidi. Ni mawazo yangu tu?

Hapana. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwafuatilia wanafunzi wakaona chunusi zikizidi kipindi cha mitihani kadiri msongo ulivyoongezeka. Lala mapema iwezekanavyo, na usiupeleke mkono usoni unapofikiri.

Nimwone daktari lini?

Zikiwa kubwa, za ndani, zenye maumivu, zikiacha makovu, au zikikufanya ujifungie ndani. Mwanamke ambaye hedhi yake inaruka miezi na anaota ndevu kidevuni aseme yote hayo, kwani huenda homoni zinahitaji kuchunguzwa. Dawa kama benzoili peroksaidi huhitaji wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake, kwa hiyo usiitupe ya kwanza baada ya siku kumi. Na ukiandikiwa isotretinoini, dawa ya kumeza ya chunusi kali, mweleze daktari kama una mimba au unaweza kushika mimba, maana dawa hiyo humharibu vibaya mtoto aliye tumboni.